Nyumba 20, bomba moja: kisa cha grafu ya utafiti wa maji Mombasa

Grafu ilikuwa na nguzo sita, moja kwa kila kaunti ndogo ya Mombasa: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Kila nguzo ilionyesha asilimia ya kaya zilizopata maji ya bomba kwa siku tatu au zaidi katika wiki iliyotangulia mahojiano. Juu ya kila nguzo palitakiwa kuwe na kijiti cha kuonyesha mipaka ya uhakika, yaani makisio yale yanaweza kupanda hadi wapi na kushuka hadi wapi. Nilipofungua faili niliona nguzo tupu. Nikaikuza picha hadi asilimia 400, ndipo nikaona kila nguzo ina kistari kichwani, chembamba kama unywele.

Faili ilitoka kwa mratibu wa kikundi cha wakazi kilichofanya utafiti huo. Ilinifikia baada ya magharibi, siku mbili kabla ya kikao chao. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka, hebu itazame. Kijana wetu asema vijiti vikiwa vidogo ndiyo vizuri, maana yake tuna uhakika. Lakini jedwali lanichanganya."

Alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Kwenye jedwali, kaunti ndogo moja ilikuwa na asilimia 55, na mipaka yake ilianzia 37 ikaishia 72. Kwenye grafu, kaunti ndogo hiyo hiyo ilikuwa na asilimia 55 na kijiti kisichofika hata nusu pointi juu wala chini. Faili ya data ilikuwa moja, programu moja, na aliyefanya kazi ni mtu mmoja. Majibu mawili ya namna hiyo hayawezi kuwa ya kweli kwa pamoja.

Kabla sijaendelea: kikundi sikitaji, na asilimia zote za maji nitakazozitaja nimezibadilisha, wala sisemi ni kaunti ndogo zipi mbili zilizoleta ubishi. Tafadhali asizinukuu mtu kama hali ya maji ya Mombasa. Nimezipanga tu ili hesabu yake ifuatike, hata kwa kalamu na karatasi. Idadi za watu za sensa ya 2019 ndizo za kweli.

Sampuli ilivyochotwa

Ukitaka kuielewa grafu hii, rudi kwanza barabarani. Kaya hazikuchaguliwa moja moja kutoka orodha ya jiji zima. Kila kaunti ndogo ilihesabiwa kuwa tabaka lake, yaani fungu linalochotewa sampuli peke yake. Ndani ya kila tabaka zikachaguliwa klasta 10, yaani vipande vidogo vya mtaa vyenye mipaka inayojulikana, na klasta yenye kaya nyingi ikapewa nafasi kubwa zaidi ya kuchaguliwa. Wakusanyaji data wakaingia kila klasta na mzee wa mtaa, wakaorodhesha milango yote upya, kisha wakachukua kaya 20. Jumla ni klasta 60 na kaya 1,200.

Hufanywa hivyo kwa sababu ya miguu na nauli. Huwezi kumtuma mtu asubuhi ahoji kaya moja Mtongwe, avuke feri akahoji moja Tononoka, kisha apande hadi Mwakirunge kwa ya tatu. Utafiti mkubwa wa kitaifa nao hufuata njia hii. Ule wa afya na idadi ya watu wa Kenya wa mwaka 2022 ulipangwa kwa klasta 1,692, kaya 25 katika kila moja. Kaunti 47 zilizaa matabaka 92 na si 94, kwa sababu kila kaunti iligawanywa mjini na mashambani isipokuwa Nairobi na Mombasa, ambazo zimehesabiwa kuwa mjini kote.

Sasa, klasta 10 kila mahali ni usawa wa kazi, si usawa wa watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 291,930 Kisauni na 131,882 Changamwe. Kaya 200 za Kisauni zinasimama badala ya watu zaidi ya mara mbili ya wale wanaowakilishwa na kaya 200 za Changamwe. Ndiyo sababu kila kaya katika faili hupewa uzani: nambari inayosema kaya hii imebeba kaya ngapi za aina yake. Usipoutumia, Changamwe itasema kwa sauti kubwa kuliko idadi yake pindi utakapotafuta wastani wa kaunti nzima.

Kwa hiyo data ya namna hii hubeba mambo matatu: tabaka, klasta na uzani. Kijana aliyefanya uchambuzi aliyajua yote matatu, na nataka niliseme hilo wazi kwa sababu baadaye alilaumiwa kuliko alivyostahili. Alitumia SPSS, programu ya takwimu, akaandika faili ya mpango kwa amri ya CSPLAN, akaitaja kaunti ndogo kuwa tabaka na klasta kuwa klasta, akaweka uzani mahali pake. Majedwali akayatoa kwa CSTABULATE. Niliyarudia mwenyewe kwa programu nyingine, R, na hayakutofautiana. Sehemu ngumu aliifanya vizuri. Kilichoharibika kiliharibika katika ile hatua ambayo wengi huiona nyepesi, ya kuchora.

Grafu ilikotoka

Sehemu ya SPSS inayoshughulikia sampuli za aina hii hutoa majedwali. Menyu ya grafu ni mlango mwingine, na mlango huo hausomi faili ya mpango. Hauna habari ya klasta wala ya tabaka. Unachokijua ni ile amri ya kawaida ya kupima data kwa uzani, na hata hiyo huielewa kwa namna yake: uzani wa 250 huuchukua kana kwamba ni kaya 250 zilizohojiwa moja moja, zote zikatoa jibu moja.

Kijana aliwasha uzani, akachora nguzo, akaomba vijiti vya mipaka ya uhakika ya asilimia 95. Chukua kaunti ndogo ambayo uzani wa kaya zake 200 unajumlika kufika kama 50,000. Programu iliamini kwamba kaya 50,000 zilihojiwa kweli. Kwa asilimia 55 na kaya 50,000, mipaka ni pointi 0.4 juu na 0.4 chini. Ndiyo ule unywele.

Mbona hakuna aliyeshtuka mapema? Kwa sababu urefu wa nguzo ulikuwa sahihi. Ndani ya kaunti ndogo moja uzani haukutofautiana sana kutoka kaya hadi kaya, maana klasta zilichaguliwa kwa ukubwa na kaya zikachukuliwa idadi moja. Asilimia 55 ya jedwali ikawa 55 ya grafu. Mtu hulinganisha nambari kubwa, zikifanana hutulia. Vijiti hakuna anayevipima kwa rula.

Nilimpigia simu usiku ule, nikamweleza jambo la kaya 50,000. Alielewa haraka. Kesho yake asubuhi akaniletea grafu mpya: alikuwa amegawanya kila uzani kwa wastani wa uzani wote, hivyo jumla yake ikarudi kuwa 1,200, sawa na kaya zilizohojiwa. Vijiti sasa vilionekana, virefu kiasi cha pointi 7 kila upande. Grafu ikapendeza.

Hatua hii ya pili ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Ile ya kwanza ilikuwa na dalili ya ugonjwa. Yeyote aliyekwisha kufanya utafiti wa kaya angeuliza vijiti viko wapi. Ya pili ilikuwa na sura ya afya. Kaunti ndogo yenye makisio ya juu ilikuwa na asilimia 55, kutoka 48.1 hadi 61.9. Ya chini ilikuwa na asilimia 41, kutoka 34.2 hadi 47.8. Vijiti havikugusana. Mratibu akaandika kichwa cha habari cha ukurasa wa kwanza: kwamba upande mmoja wa jiji unapendelewa kwa maji. Kauli kama hiyo Mombasa haisomwi kama takwimu peke yake. Watu wanajua maji yao yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, na kila mmoja ana maoni yake kuhusu nani anayefungua valvu na nani anayefungiwa.

Na jedwali lilikuwa bado linasema 37 hadi 72.

Aliyeeleza vizuri kuliko sisi

Dodoso lilikuwa na nafasi ya maoni mwishoni, na mimi husoma maoni yote kabla ya kugusa nambari. Katika klasta moja mkusanyaji data aliandika maneno ya mama aliyemkuta akifua mlangoni: "Mwanangu, kwa jirani ushauliza, hapa wauliza nini tena? Bomba letu ni moja. Likikauka kwake limekauka kwangu."

Nilimwita kijana, tukakaa na karatasi. Tuliandika klasta 10 za ile kaunti ndogo ya juu, na katika kila moja ni kaya ngapi kati ya 20 zilizosema maji yalitoka siku tatu au zaidi: 19, 17, 16, 15, 13, 9, 8, 6, 4, 3. Jumla 110 kati ya 200, ndiyo hiyo 55. Wastani ni kaya 11 kwa klasta.

Tazama safu hiyo kwa utulivu. Kama maji yangekuwa bahati ya kila nyumba peke yake, klasta nyingi zingekusanyika karibu na 11, tuseme 9 hadi 13. Hapa kuna mahali karibu kila mlango una maji, na mahali ambapo ni milango 3 tu, watu wengine wakingoja mkokoteni wa mitungi. Kaya 20 za klasta moja si mashahidi 20. Wamesimama kwenye bomba moja, wakaeleza tukio moja.

Kisha tukapiga hesabu ambayo programu huifanya ndani kwa ndani. Toa 11 katika kila klasta, upate umbali wake kutoka wastani: 8, 6, 5, 4, 2, kisha upande wa pili 2, 3, 5, 7, 8. Zidisha kila umbali kwa nafsi yake na ujumlishe: 296. Gawanya kwa 9, kwa kuwa klasta ni 10, upate 32.9. Gawanya tena kwa 10, upate 3.29. Kipeuo chake cha pili ni kama 1.81, na hizo ni kaya kati ya 20. Zigeuze kuwa asilimia: 9.07. Hilo ndilo kosa sanifu, yaani kipimo cha jinsi makisio yanavyoweza kuyumba kwa bahati ya uchaguzi. Lizidishe kwa 2 na uchache, nawe uko kwenye pointi 18 kila upande.

Kijana alikaa kimya akiitazama ile 18. Kisha akafungua jedwali lake mwenyewe la juzi na kuikuta palepale, na safu ya athari ya muundo wa sampuli ikisoma 6.6. Alikuwa ameitoa nambari hiyo kwa mkono wake bila kujua inamwambia nini.

Inasema hivi: mtawanyiko wa makisio haya ni mara 6.6 ya ule ambao tungeupata kama kaya 200 zingechaguliwa moja moja kote katika kaunti ndogo. Gawanya 200 kwa 6.6, utapata 30. Kwa swali hili la maji, kaya 200 zilibeba habari ya kaya 30 hivi. Leslie Kish, mtakwimu aliyezaliwa Hungaria na kufanya kazi Marekani, ndiye aliyelifanya wazo hili la athari ya muundo lijulikane miaka ya 1960, na kanuni yake fupi hutosha kwa kazi nyingi: chukua idadi ya kaya katika klasta, toa moja, zidisha kwa kiwango cha kufanana kwa majirani, kisha ongeza moja. Kwa kaya 20 na kufanana kwa 0.3 unapata 6.7.

Kufanana kwa 0.3 ni kukubwa. Ukiuliza umri wa mkuu wa kaya hutaiona. Majirani hawana sababu kubwa ya kulingana umri. Lakini uliza kuhusu bomba, taa ya barabarani, mtaro wa maji machafu au lori la taka, na mtaa mzima utajibu kwa kinywa kimoja. Ndiyo maana tafiti za huduma za jiji ndizo zinazoumizwa zaidi na grafu iliyochorwa kwa menyu ya kawaida, na ndizo zinazobandikwa ukutani mbele ya watu.

Kuchora kutoka jedwalini

Dawa yenyewe, ukishajua kilichotokea, haina ugumu. Usiiruhusu programu ya kuchora ikuhesabie mipaka. Ihesabu kwa amri zinazojua muundo wa sampuli, uiweke katika faili ndogo, kisha umpe mchoraji nambari zilizo tayari: jina la kaunti ndogo, makisio, mpaka wa chini, mpaka wa juu. Mstari mmoja kwa kila kaunti ndogo, mistari sita basi.

Katika SPSS tuliwasha OMS kabla ya CSTABULATE ili jedwali liandikwe kama faili ya data badala ya kuishia kwenye dirisha la matokeo. Faili mpya haina uzani na haihitaji. Kwa kuchora kuna njia ya kuandika amri, lakini kijana alipendelea menyu, na ndani ya menyu ipo ile grafu iliyokusudiwa bei za hisa, yenye juu, chini na bei ya kufunga. Inafanya kazi hii vizuri kabisa: juu ni mpaka wa juu, chini ni mpaka wa chini, kufunga ni makisio.

Kwenye R mimi hutumia pakiti ya survey ya Thomas Lumley. Unaeleza muundo mara moja kwa svydesign, kisha svyby pamoja na svyciprop hukupa makisio na mipaka ya kila kundi katika jedwali moja, na ggplot2 huchora. Wenye Stata, programu nyingine ya takwimu, wana raha zaidi, kwa kuwa ukishaendesha margins baada ya svy, marginsplot huchora kutokana na matokeo hayo hayo. Hata Stata ina mahali inapokataa: histogramu yake haipokei uzani wa sampuli, hupokea uzani wa kurudiarudia tu, yaani nambari kamili inayosema jibu limejirudia mara ngapi. Mtu akikutana na katazo hilo asilizunguke kwa kukata desimali za uzani. Katazo lile linamkinga na kosa hili hili.

Wanaotumia data ya utafiti wa afya na idadi ya watu watakutana na mtego huu kwa sura nyingine. Uzani wa wanawake, V005, umehifadhiwa bila desimali na hutakiwa kugawanywa kwa 1,000,000 kabla ya kutumika. Ukisahau ukaingia menyu ya grafu nao ulivyo, vijiti vitatoweka kabisa. Ukikumbuka kugawanya, utapata vijiti vya kupendeza kama vile vya asubuhi ya pili, na bado klasta haimo.

Nguzo tuliziondoa. Nguzo hulivuta jicho kwenye kichwa chake kana kwamba ukweli umekaa pale pale juu, na sehemu yote iliyo chini yake hujazwa rangi kama jambo lililokwisha kuthibitika, ilhali nusu ya kijiti iko humo ndani. Tukaweka nukta na mstari mlalo, kaunti ndogo zikipangwa kutoka juu kwenda chini kwa makisio. Chini ya grafu tukaandika kwa maneno: kaya 1,200, klasta 60, mipaka ya asilimia 95 imezingatia tabaka, klasta na uzani.

Mambo mawili madogo yalijitokeza njiani. Katika kundi la kaya zinazonunua maji ya lori, ambalo lilikuwa dogo, mchoro mmoja ulionyesha mpaka wa chini ukipita chini ya sifuri. Hiyo ni kwa sababu kijana alijumlisha na kutoa kosa sanifu kwa usawa pande zote mbili. Njia inayopitia logiti, yaani logariti ya uwiano wa ndiyo kwa hapana, ambayo svyciprop huitumia usipoiambia vingine, haiwezi kutoka nje ya sifuri na mia, na ndiyo maana mipaka ya 55 ni 37 na 72, si sawasawa pande zote. Jambo la pili: grafu ya kaya zinazoongozwa na wanawake ilitokana na faili iliyokatwa. Alizifuta kaya nyingine zote ndipo akahesabu. Klasta ambayo haikuwa na kaya ya namna hiyo ikatoweka, na programu ikadhani utafiti ulikuwa na klasta chache. Kundi dogo hutajwa ndani ya amri, kwa SUBPOP, au kwa kukata baada ya muundo kuelezwa, wala si kabla.

Kichwa cha habari

Grafu iliyo sahihi ilipokuwa tayari, mipaka ya kaunti ndogo ya juu ilikuwa 37 hadi 72, na ya chini 25 hadi 59. Mratibu akasema, basi vimegusana, hakuna tofauti. Nikamwomba asiandike hilo pia. Vijiti viwili vinaweza kugusana na tofauti ikawepo. Grafu ya makisio ya kila mmoja si kipimo cha tofauti baina yao. Tukaipima yenyewe: pointi 14, na mipaka yake kutoka kama 12 chini ya sifuri hadi 40 juu yake. Inawezekana ya juu inapata zaidi, na kwa kiasi kikubwa. Inawezekana pia hali ni kinyume. Klasta 10 kila upande hazikutosha kuamua, na tuliandika hivyo hivyo.

Aliumia, na sikumlaumu. Watu wake walitembea juani kwa wiki kadhaa. Vijana walirudi milangoni usiku kuwasubiri waliotoka zamu bandarini. Kuwaambia kwamba kaya 200 zimekuwa kama 30 ni neno zito.

Lakini ile safu ya namba kumi tuliyoiandika kwenye karatasi haikuniacha. Nikamwambia kijana aichore ilivyo: kila klasta nukta moja, nukta kumi katika mstari wa kila kaunti ndogo, bila majina ya mitaa ili kaya zisitambulike. Zilipojaa zote 60, picha ilikuwa nyingine kabisa. Katika kila kaunti ndogo nukta zilitapakaa kutoka karibu na mwanzo wa mstari hadi karibu na mwisho wake. Kaya 20 kwa klasta ni chache na nukta moja moja hutikisika, ndiyo, lakini bahati ya uchaguzi peke yake haiwezi kukupa 3 mahali pamoja na 19 mahali pengine ndani ya kaunti ndogo moja. Tofauti iliyoonekana wazi ilikuwa kati ya mtaa na mtaa. Kile kile kilichorefusha vijiti ndicho kilichokuwa habari yenyewe.

Grafu hiyo ndiyo iliyokwenda ukurasa wa kwanza. Kwenye kikao, nilivyoelezwa, mzee mmoja wa kamati aliitazama kwa muda, akasogea hadi ukutani, akaweka kidole kwenye nukta ya mwisho kushoto. "Hawa mimi nawajua walipo," akasema, na hakutaja mtaa.

Baada ya hapo maswali yakawa ya raundi ijayo. Mratibu alitaka kaya 400 kila kaunti ndogo, yaani 40 kwa klasta zile zile 10. Nilimwonyesha kwa kanuni ya Kish kwamba hilo lingempa athari ya muundo ya 12.7, na kaya zake 400 zingekuwa na habari ya kaya 31 au 32. Kazi mara mbili, na karibu hakuna kilichoongezeka. Klasta 20 zenye kaya 10 kila moja ni kaya 200 zile zile, lakini athari inashuka hadi 3.7 na habari inapanda hadi ya kaya 54.

"Klasta 20 ni nauli mara mbili, kaka, na kuorodhesha milango mara mbili," akaniambia. Ni kweli, na kuorodhesha ndiko kunakokula siku. Walikaa wakakata dodoso. Maswali ya mapato na ya elimu, ambayo hakuna grafu iliyowahi kuyatumia, yakatoka, mahojiano yakafupika, na wakapiga hesabu kwamba watu wawili wangeweza kuorodhesha na kumaliza klasta ya kaya 10 kwa siku moja. Isipokuwa Mwakirunge. Huko wamepanga siku mbili.